Somo Lilieleweka Vizuri

Kila mwalimu wa sekondari nchini Tanzania anaijua sehemu ya chini kabisa ya andalio la somo. Juu kuna tarehe, kidato, mkondo, idadi ya waliosajiliwa na waliohudhuria, mada na malengo. Katikati kuna jedwali la hatua za somo. Chini kuna nafasi ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni, mistari michache tu. Hapo ndipo tunapoandika kwamba somo lilieleweka vizuri. Wengine huongeza kwamba asilimia 80 ya wanafunzi walifikia lengo na waliobaki watasaidiwa kipindi kijacho. Kisha daftari linakwenda kwa mwalimu wa taaluma, linapigwa mhuri, linarudi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kata, huku Kanda ya Ziwa, na makala hii inahusu mistari hiyo michache. Ndipo pekee mwalimu alipotengewa mahali pa kuifikiria kazi yake mwenyewe kwa maandishi, na ndipo tunapofikiri kidogo kuliko mahali pengine popote.

Tafakuri si ngeni kwetu. Mtaala wa sekondari wa 2005, ule uliokuja na ufundishaji wa kujenga umahiri, uliipa hatua yake kabisa ndani ya somo: utangulizi, maarifa mapya, kukazia maarifa, tafakuri, hitimisho. Vyuoni tulifundishwa kuijaza. Dakika tano. Mwalimu anauliza leo tumejifunza nini, darasa linajibu kwa pamoja kichwa cha mada kilichoandikwa ubaoni, somo linasogea. Tafakuri ya mwalimu mwenyewe, ile ya baada ya kengele, ikasukumwa chini kwenye ile mistari.

Nawaelewa wenzangu wanaoandika vile. Andalio ni hati ya uwajibikaji. Anayelisoma ni mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, au mgeni kutoka wilayani aliyekuja na gari asubuhi na ambaye ataondoka kabla ya chakula cha mchana. Ukiandika kwamba nusu ya darasa haikuelewa, umemwekea mezani swali ambalo hana muda wa kulisikiliza likijibiwa. Hakuna mwalimu anayetaka kuandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu ya sentensi aliyoiandika kwa mkono wake. Kwa hiyo tunaandika sentensi isiyouliza kitu.

Na hapo ndipo tafakuri inapokufa, kwa sababu tafakuri haina pa kuanzia isipokuwa kwenye swali. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa kina huanza na shaka: kuna jambo limemkwaza mtu, halikai sawa, naye anakataa kulipita haraka. Mwaka 1983 Mmarekani mwingine, Donald Schön, aliwatazama wasanifu majengo, wahandisi, wapangaji wa miji na wataalamu wa tiba ya akili wakiwa kazini, akatofautisha kufikiri katikati ya kazi na kufikiri baada ya kazi kwisha. Mwalimu hufanya yote mawili. Akiona nyuso zimeganda akabadilisha mfano papo hapo, amefikiri ndani ya kazi. Akikaa ofisini saa tisa alasiri akijiuliza kwa nini mfano wa kwanza uligoma, anafikiri juu ya kazi. Lakini kote kuwili lazima kuwe na ile shaka. Andalio letu linadai uthibitisho kwamba kazi imefanyika. Karatasi moja haiwezi kubeba shaka na uthibitisho kwa pamoja, na kwa kuwa uthibitisho ndio unaosomwa na wakubwa, shaka huachwa nje.

Ndiyo maana mwalimu anahitaji daftari la pili. Daftari la kawaida la kaunta, lisilo na mhuri wala vichwa vya habari, linalobaki kwenye mkoba wake.

Naliona jambo hili kuwa la dharura zaidi kwetu sisi wa Kiingereza kuliko kwa walimu wa masomo mengine, na sababu inajulikana. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Anafika kidato cha kwanza, anapewa kozi fupi ya kumzoesha lugha, kisha anafunguliwa kitabu cha Biolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kuripoti kwamba kiwango kilichopo hakitoshi kusomea masomo ya sekondari. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujakoma tangu hapo, na wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametumia miaka mingi kukitetea Kiswahili kwa hoja nzito. Nauheshimu mjadala huo na nina msimamo wangu ndani yake. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi naingia darasani na sera iliyopo, na mtoto aliye mbele yangu atasoma Jiografia saa nne kwa lugha niliyomfundisha mimi. Nikikosa kujua alichokielewa, mwalimu wa Jiografia naye hatajua, na wa Fizikia vilevile.

Kujua alichokielewa ndio ugumu wenyewe, maana darasa letu limejengwa kwa namna inayoficha.

Chukua lile swali tunalouliza kila baada ya dakika chache: "Are we together?" Darasa zima linaitikia: "Yes!" Swali hilo limeenea kuanzia shule za msingi hadi vyuo vikuu, na ukilisikia ukiwa nje ya dirisha unaweza kudhani somo linakwenda vizuri mno. Keith Chick, mtafiti wa Afrika Kusini, alichambua vipindi katika shule za watoto wa Kizulu wakati wa ubaguzi wa rangi, shule ambazo Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia na ambacho watoto walikimudu kwa shida. Aliona maitikio ya pamoja kama yetu. Alieleza kwamba yanamlinda kila mtu: mwanafunzi haaibiki kwa kutojua, mwalimu haaibiki kwa kutoeleweka, na kipindi kinapita kwa heshima huku kujifunza kukiwa kudogo sana. Nilipokutana na maelezo hayo nilihisi nimesomewa habari za darasa letu. Tangu siku hiyo kila "Yes!" ya pamoja naichukulia kuwa ishara ya kuchunguza, wala haiingii katika hesabu ya walioelewa.

Idara yetu iliamua kujisikiliza. Tuliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, tukawaeleza wanafunzi sababu, tukakubaliana kwamba rekodi haitatoka nje ya idara na itafutwa baada ya kusikilizwa. Simu ya kawaida ikawekwa juu ya meza ya mbele, na kila mwalimu akarekodi kipindi chake mwenyewe. Ukisikiliza sauti bila picha, mambo mengi yanajitokeza ambayo macho huyafunika. Sauti ya mwalimu imejaa karibu kipindi chote. Majina yanayoitwa ni yale yale, mengi ya wanaokaa mbele. Na baada ya swali kuulizwa, kimya hakidumu hata kidogo: kama hakuna mkono, mwalimu anarudia swali, analitafsiri, analijibu mwenyewe.

Mary Budd Rowe, aliyetafiti ufundishaji wa sayansi huko Marekani miaka ya 1970, alipima kimya hicho. Walimu aliowachunguza walisubiri kama sekunde moja baada ya kuuliza. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sasa mtazame mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza. Analisikia swali kwa Kiingereza. Analigeuza kwa Kiswahili, na kama nyumbani wanaongea Kisukuma huenda anapita huko pia. Anapata jibu. Anaanza kutafuta maneno ya Kiingereza ya kulivalisha. Anapima kama wenzake watamcheka. Sekunde tatu kwake ni chache.

Kwa hiyo siku hizi nikishauliza natembea kuelekea dirishani, nahesabu kimoyomoyo, simtazami mtu. Mwanzoni wanafunzi walidhani nimekasirika. Sasa wanajua kwamba ule ni muda wao, na wengine wananong'ona na jirani kwa Kiswahili kabla ya kunyoosha mkono. Siwakatazi. Shule nyingi zina vibao vya kuwataka waseme Kiingereza tu, na najua nia yake, ila kunong'ona huko ndiko kunakozaa sentensi. Katika daftari la pili naandika nilipotumia Kiswahili mimi mwenyewe na kwa nini. Kuna Kiswahili kinachofungua jambo, na kuna kile kinachotoka kwa sababu mwalimu amechoka. Ukiviandika kwa wiki kadhaa unaanza kuvitofautisha.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote umelala kwenye madaftari ya wanafunzi, na hapa nataka nikae kidogo.

Darasa la wanafunzi zaidi ya sitini halisahihishiki kila siku. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016 mikondo imejaa, na nafurahi imejaa, kwa kuwa wako ndani watoto ambao wangebaki nyumbani. Ninachofanya ni kuchukua madaftari ya safu moja, safu nyingine siku nyingine, na kuyasoma kwanza bila kalamu mkononi. Kalamu nyekundu ina haraka. Inaona kosa, inalipiga duara, inakwenda kwa linalofuata. Ukisoma bila kalamu unalazimika kujiuliza mtoto huyu alikuwa anafanya nini alipoandika hivi.

Tulikuwa kwenye mada ya kueleza matukio yaliyopita. Kazi ilikuwa kuandika habari za siku moja ya likizo. Sentensi za namna hii zilikuwa nyingi: "Yesterday I went to the market, I buy fish, I meet my aunt, she give me two thousand." Mwalimu yeyote wa Kiingereza Afrika Mashariki ameliona kosa hili hadi limemchosha. Pembeni tunaandika neno moja tu, "Tenses!", na mtoto anatoka na alama nne kati ya kumi bila kujua kilichomkuta.

Kilichonikwaza mimi ni kitenzi cha kwanza. Kilikuwa sahihi. Daftari hadi daftari, kitenzi cha kwanza kilikuwa katika wakati uliopita, na vilivyofuata vilikuwa vitupu. Mtoto asiyejua wakati uliopita asingepata kile cha kwanza kila mara.

Kisha nikaisoma habari ile ile kwa Kiswahili: Jana nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikakutana na shangazi, akanipa elfu mbili. Alama ya wakati uliopita, -li-, imetajwa mara moja. Baada ya hapo -ka- inachukua hadithi na kuipeleka mbele. Yenyewe haitaji ni lini, inaegemea -li- iliyotangulia. Ukisema nilikwenda, nilinunua, nilikutana, alinipa, hujavunja sheria, lakini hadithi inakosa mwendo, na bibi yako atajua kwamba hujui kusimulia. Lugha nyingi za Kibantu zinazozungumzwa majumbani zina namna zake za kuunganisha matukio hivyo hivyo. Mtoto yule ametaja wakati mara moja, kama alivyolelewa, akaamini msomaji ameshaelewa. Anafuata sarufi, tena sarufi nzuri, ila ni ya lugha nyingine.

Dhana kama hiyo ni tamu, na utamu wake ni hatari, kwa hiyo niliijaribu kabla ya kuiamini. Huenda tatizo lilikuwa vile vitenzi vinavyobadilika umbo zima, ambavyo mtoto hajavikariri. Nikatafuta vitenzi vyepesi vya kuongezewa -ed tu, kama vile kupika na kutembea. Navyo vilikuwa vitupu vikija nyuma ya kitenzi cha kwanza. Halafu nikagundua kundi jingine dogo ambalo tatizo lake ni tofauti kabisa: hawa waliandika "I did went", au waliweka -ed hata mahali isipotakiwa. Hao wanaijua alama ya wakati uliopita na wanaitumia kupita kiasi. Makundi mawili, dawa mbili, na neno letu moja la wino mwekundu lilikuwa linawatibu wote kwa kidonge kimoja.

Kipindi kilichofuata kilianza kwa Kiswahili ubaoni. Wanafunzi wakasimulia habari fupi, tukapigia mstari kila -ka-. Nikawauliza tukio hilo lilitokea lini, na neno gani katika sentensi hiyo linatuambia ni lini. Wakarudi nyuma wenyewe hadi kwenye -li-. Hapo nikawaambia kwamba Kiingereza hakina kiegemeo hicho. Kinadai wakati utajwe upya katika kila kitenzi, hata msomaji akiwa ameshajua. Kuna msichana aliyesema, "Sir, sasa si wanajirudia?" Ndiyo, wanajirudia. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya muhula huo.

Makosa hayakwisha. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula bado yalikuwepo, hasa mwishoni mwa insha, pale mkono unapokimbizana na saa. Ila kuna kitu kilibadilika katika namna wanavyosomeana kazi. Mmoja anasoma, mwenzake anamdaka: "Hapo kuna ka!" Wamepata jina la kosa lao katika lugha yao, na mtu anayeweza kulitaja kosa lake anaweza kulitafuta.

Kosa la "he" na "she" nimelichunguza kwa njia hiyo hiyo, na linanionyesha jambo jingine. "My mother he is a nurse." Kiswahili kina a- moja kwa mwanamume na mwanamke, hilo kila mtu analijua. Lakini katika madaftari ya kidato cha pili kosa hili si kubwa. Limejaa kwenye mazungumzo. Mtoto akipewa muda anachagua sawasawa. Maana yake sheria anayo, anachokosa ni wepesi, na wepesi hauletwi na kuelezwa sheria tena ubaoni. Unaletwa na kuongea. Kama ningeandika tu kwamba wanafunzi wana tatizo la viwakilishi, ningetumia kipindi kizima kufundisha wanachokijua.

Mambo haya mtu anaweza kuyaona akiwa peke yake. Mengine hawezi. Jicho la mwenzako halina mbadala, na ninapenda sana namna Wajapani walivyolitumia. Kwao walimu hupanga somo pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakakaa darasani kuwatazama wanafunzi, kisha wote wakalijadili. Kenya ilipata ladha ya mwendo unaofanana na huo kupitia mpango wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, wenye mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Ulikuwa wa hisabati na sayansi. Sisi wa lugha tulikaa nje ya mlango tukisikia habari zake.

Katika shule yetu tulianza wawili. Mwenzangu ni Madam wa mkondo wa pili, amenizidi umri na amenizidi uzoefu. Mbele ya wanafunzi ananiita Mwalimu, ofisini ananiita mdogo wangu. Tulikubaliana sharti moja: anayeingia kwa mwenzake hamtazami mwalimu kabisa. Anakaa karibu na mwanafunzi mmoja na kuandika anachofanya mwanafunzi huyo tu. Sharti hili lilituondolea hofu yote, maana sisi tumezoea kwamba mtu akikaa nyuma ya darasa na karatasi amekuja kukupa alama, kama wakufunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Alitoka kwenye kipindi changu akanyamaza hadi tulipofika ofisini. Kisha akasema, "Mdogo wangu, yule kijana wa karibu na mlango aliyanakili maswali vizuri kabisa. Alipomaliza, akafungua ukurasa mwingine, akayanakili tena."

Nilikuwa nimepita karibu na dawati hilo. Niliona kalamu inatembea, mwandiko safi, kijana ameinama. Kutoka pale niliposimama mimi, ile ilikuwa picha ya mwanafunzi anayefanya kazi. Mwenzangu aliyekaa kando yake ndiye aliyeweza kuona kwamba kijana anaogopa ukurasa mtupu, na kwamba amegundua njia ya kuujaza bila kuhatarisha sentensi hata moja ya kwake. Kesho yake tulizungumza naye, na kilichotoka hapo ni kazi tunayoifanya hadi leo na wanafunzi wa namna yake: tunawapa nusu ya kwanza ya sentensi, wao wanamalizia, na kila wiki nusu hiyo inafupishwa.

Mimi nilipoingia kwake nilikaa karibu na msichana aliyejibu kila swali. Kila moja, sahihi, kwa sauti ambayo niliisikia mimi tu. Hakunyoosha mkono kipindi kizima.

Najua mwalimu anayesoma hapa anauliza muda unatoka wapi. Kuna silabasi ya kumaliza, kuna mitihani ya moku, kuna zamu, kuna vikao, kuna shamba la shule. Daftari la pili halihitaji ukurasa. Kwangu ni mistari miwili au mitatu kabla sijatoka darasani, wakati wanafunzi wanafuta ubao: sentensi moja ya mwanafunzi kama alivyoisema, mahali darasa lilipozizima, swali ambalo sikulitarajia. Siandiki hukumu. Neno "vizuri" nimelipiga marufuku humo, na "vibaya" pia, kwa kuwa yote mawili yananizuia kukumbuka kilichotokea. Mwisho wa wiki nasoma yote mfululizo, na mara nyingi mstari wa Jumanne unaelezwa na mstari wa Ijumaa.

Kuna kitu kingine ambacho hakihitaji muda wala fedha, nacho hakitumiki inavyostahili. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne kwa kila somo, likiwemo la Kiingereza, na ndani yake kuna nakala za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa, mazuri na mabovu. Ukaguzi wa matokeo shuleni huishia kwenye madivisheni, ziro ngapi, tumeshika nafasi ya ngapi kiwilaya. Zile nakala ndizo zenye elimu. Zichapishe, ziweke mezani, watakaosoma waulize kama nilivyouliza kwenye habari za shangazi sokoni: huyu mtoto alikuwa anafanya nini?

Tunao mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, na jumuiya za ujifunzaji zinazotakiwa kukutana shuleni. Ni wazo zuri, kwa sababu linamweka mwalimu na mwenzake wa chumba kile kile badala ya kumsafirisha kwenda semina ya siku mbili mkoani. Ombi langu ni kwamba vikao hivyo vifunguliwe na madaftari ya wanafunzi. Moduli za mafunzo hayo zisomwe, lakini zije baada. Nimekaa kwenye vikao vilivyoanza na moduli na vilivyoanza na madaftari kumi ya kidato cha pili, na katika vile vya pili hata mwalimu wa Historia aliyepita kuchukua chaki alivuta kiti.

Na nina ombi kwa wathibiti ubora. Kubadilika kwa jina kutoka ukaguzi kulikuja na ahadi ya kumshauri mwalimu, na nimekutana na wachache wanaoiishi ahadi hiyo kwa dhati. Wasiombe daftari la pili. Wasilitengenezee fomu, wasiliweke kwenye orodha ya nyaraka za mwalimu. Siku litakapotakiwa kuonyeshwa, litaanza kusema somo lilieleweka vizuri. Waulize tu, kwa mdomo, wakiwa wamekaa: ni kitu gani kinakusumbua katika darasa lako mwezi huu? Mwalimu anayetafakari atakuwa na jibu, na jibu litakuwa na mwanafunzi ndani yake.

Langu la mwezi huu ni wasichana kama yule aliyejibu kila swali kwa sauti niliyoisikia mimi tu. Madam naye wapo kwake, tumewahesabu, wanajua na hawasemi. Tumeshajaribu kuwaita kwa majina. Wanasimama, wanaangalia chini, wanasema hawajui jambo ambalo dakika moja iliyopita walimnong'oneza jirani. Tumejaribu makundi ya wasichana watupu, na humo wanaongea, lakini makundi yakivunjwa sauti inarudi ndani. Yeye anadhani ni kicheko cha wavulana. Mimi nadhani ni ukubwa wa darasa, kwamba sentensi ya Kiingereza inayopaswa kusafiri madawati tisa inamtisha hata anayeijua. Muhula ujao tutabadilisha mpangilio wa madawati kwenye mkondo mmoja na kuacha mwingine ulivyo, tuwasikilize kwa wiki kadhaa, halafu tubadilishane.